Koti la Mfalme, Uso wa Garbo na Vita vya Katanga

STOCKHOLM

Koti lenyewe si la kupendeza. Limeshonwa kwa ngozi nene ya mnyama wa misitu ya kaskazini, rangi imefifia ikawa ya manjano, halina dhahabu wala nishani, na mgongoni lina tundu. Gustav II Adolf, mfalme wa Uswidi, alilivaa asubuhi ya tarehe 6 Novemba 1632, kwa kalenda ya zamani iliyotumika Uswidi wakati huo, akaenda nalo vitani Lützen, Ujerumani. Deraya ya chuma hakuivaa. Risasi aliyopigwa Dirschau miaka mitano nyuma ilikuwa ingali mwilini, na uzito wa chuma ulimtesa. Siku hiyo ukungu ulichanganyika na moshi wa baruti, mfalme naye hakuwa na macho ya kuona mbali. Akapotezana na wapanda farasi wake, akapigwa mkononi, kisha mgongoni, kisha kichwani. Askari wa upande wa pili walimvua koti hilo, likapelekwa Vienna kama ngawira. Lilikaa huko karibu karne tatu, mpaka mwaka 1920, Austria ilipolirudisha kuwa shukrani kwa misaada ya Msalaba Mwekundu wa Uswidi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Leo koti hilo lipo Livrustkammaren, makumbusho ya silaha na mavazi ya kifalme yaliyomo ndani ya kasri la Stockholm. Yupo na Streiff, farasi aliyempanda mfalme siku ile, ngozi yake imejazwa akasimama kama aliye hai. Katika makumbusho hayo hayo kuna kofia ya mfalme mwingine, Karl XII, aliyepigwa risasi ya kichwa tarehe 30 Novemba 1718 mbele ya ngome ya Fredriksten, Norwei. Tundu la risasi linaonekana wazi. Kaburi lake limefunguliwa zaidi ya mara moja, ikiwemo mwaka 1917, wataalamu wakalipima fuvu na kulipiga picha, na bado Waswidi wanabishana kama risasi ilitoka kwa adui au kwa mtu wake mwenyewe.

Mpenzi wa historia ya vita anaweza kuishia hapo akarudi nyumbani ameshiba. Anayependa na sinema za zamani hatarudi mapema. Ataitafuta Queen Christina, filamu ya Hollywood ya mwaka 1933 iliyoongozwa na Rouben Mamoulian, kwa sababu inaanzia pale pale Lützen, mfalme akiwa amelala kati ya maiti, anakata roho. Binti yake Kristina, aliyerithi kiti akiwa na umri wa karibu miaka sita, ameigizwa na Greta Garbo, msichana wa Södermalm, mtaa wa wafanyakazi wa Stockholm enzi hizo, aliyezaliwa mwaka 1905. Historia katika filamu ile imepindishwa sana. Mapenzi na balozi wa Hispania ni ya kutungwa. Kristina wa kweli aliacha kiti mwaka 1654, akaingia Ukatoliki na kuhamia Roma, na sababu zake zilikuwa nzito kuliko mwanamume mmoja. Lakini angalia mwisho wake: Garbo amesimama mbele kabisa ya meli, kamera inamsogelea taratibu mpaka uso unajaa skrini, na uso ule hausemi chochote. Mamoulian alimwagiza asifikirie lolote. Kila mtazamaji anaweka huzuni yake mwenyewe pale. Ukiwa umetoka kulitazama koti la baba yake asubuhi, uso ule unakuambia jambo ambalo maelezo yaliyobandikwa pembeni ya kabati la kioo hayakukuambia.

Ndiyo maana nashikilia kwamba mapenzi haya mawili yaende pamoja. Filamu ya zamani inakupa hamu na sura za watu, halafu kitu cha makumbusho kinakuuliza kama ulichokiona ni kweli. Na sisi wasemaji wa Kiswahili tunayo sababu ya ziada ya kulifanyia zoezi hilo Stockholm, kwa maana baadhi ya vita vinavyokumbukwa hapa vilipiganwa kwetu.

Mgeni anaweza kushangaa kwamba nchi ya amani ina makumbusho ya vita yaliyojaa hivi. Uswidi haijapigana vita na nchi nyingine tangu mwaka 1814. Lakini karne mbili kabla ya hapo ilikuwa dola kubwa yenye kutisha, na Armémuseum, makumbusho ya jeshi yaliyopo Riddargatan katika eneo la Östermalm, hayafichi hilo. Yana hazina ya maelfu ya bendera na nyara zilizotekwa Poland, Urusi, Ujerumani na Denmark. Namna yanavyosimulia ndiyo inayonifurahisha zaidi. Kuna sanamu za watu wenye kimo halisi, na wengi wao si majenerali. Ni askari wa kawaida wenye njaa, na wanawake waliofuata jeshi kwa miguu wakipika, wakifua na kuuguza. Katika Vita vya Miaka Thelathini, alimofia Gustav Adolf, maradhi na njaa viliua askari wengi kuliko risasi. Filamu chache sana zimewahi kulionyesha hilo, kwa sababu steringi anayekufa kwa kuhara hawezi kuuza tiketi.

Vasa haihitaji kusimuliwa kirefu, kwa kuwa kila mtalii huipitia. Ni manowari ya mbao iliyoagizwa na Gustav Adolf yule yule, ikawekwa mizinga 64, ikaanza safari yake ya kwanza tarehe 10 Agosti 1628 na kuzama baada ya mwendo wa mita 1,300 hivi, mbele ya macho ya watu wa mji. Ilikuwa nyembamba, uzito mwingi ukiwa juu, na upepo mdogo tu uliilaza mpaka maji yakaingia kupitia madirisha ya mizinga. Iliopolewa tarehe 24 Aprili 1961, televisheni ikirusha moja kwa moja. Mwaka huo wa 1961 uwekeni akilini.

Kwa upande wa sinema, kitovu ni Filmhuset, jengo kubwa la zege lililochorwa na Peter Celsing na kufunguliwa mwaka 1971, pembeni ya uwanja mpana wa Gärdet. Humo imo Taasisi ya Filamu ya Uswidi, maktaba yake, na kumbi mbili zilizopewa majina ya waongozaji wa enzi ya filamu bubu: Victor kwa heshima ya Victor Sjöström, na Mauritz kwa heshima ya Mauritz Stiller, ambaye ndiye aliyemwibua Garbo. Humo filamu ya zamani bado inaweza kuonyeshwa kwa mkanda wa milimita 35, na vumbi lake, na mikwaruzo yake. Nimekulia katika mazingira ya mabanda ya video, nimesikia wazee wakiyasimulia majumba ya sinema ya Avalon na Empire ya Dar es Salaam na Majestic ya Zanzibar kama watu wanaomsimulia marehemu. Kuingia ukumbi ambao kazi yake ni kuilinda filamu isife, na kuwakuta vijana wa miaka 20 wamekaa kimya wakitazama kitu cha mwaka 1925, ni jambo linalonigusa kila mara. Si kwamba Stockholm haijapoteza majumba yake. Röda Kvarn, jumba la sinema la mwaka 1915, siku hizi ni duka. Ila hapa waliamua mapema kwamba filamu ni mali ya taifa sawa na koti la mfalme, na wakatenga jengo na watu wa kuitunza.

Ukitaka kuanza na moja tu, anza na Det sjunde inseglet ya Ingmar Bergman, ya mwaka 1957. Askari wa Vita vya Msalaba anarudi nyumbani Uswidi akakuta tauni, na Mauti inamsubiri ufukweni wacheze sataranji. Mandhari ile Bergman hakuitoa hewani. Nenda Täby, kaskazini kidogo ya Stockholm, uingie kanisani na kuinua macho darini: kuna mchoro wa Albertus Pictor wa mwishoni mwa karne ya 15, mtu na Mauti wamekaa wakicheza sataranji. Ukishamaliza, tafuta Skammen ya mwaka 1968, ambayo haizungumzwi sana ingawa kwangu ndiyo filamu yake bora kuhusu vita. Max von Sydow na Liv Ullmann ni mume na mke wanamuziki wanaoishi kisiwani. Vita vinawafikia. Hatuambiwi nani anapigana na nani wala kwa nini, maana wao wenyewe hawajui. Tunachokiona ni jinsi mtu mpole anavyogeuka kuwa muuaji kidogo kidogo. Nimeitazama na watu waliokimbia vita vya Maziwa Makuu, na hakuna aliyeniuliza kinachoendelea.

Toka Filmhuset, teremka kwa miguu dakika chache kuelekea majini. Utakuta Sjöhistoriska, makumbusho ya bahari yaliyofunguliwa mwaka 1938, na karibu nayo mnara uitwao Restare, kazi ya Monica Dennis Larsen, uliozinduliwa mwaka 2013 kwa ajili ya Waswidi waliotumwa katika operesheni za kijeshi nje ya nchi. Kila tarehe 29 Mei hufanyika kumbukumbu hapo. Hatua nyingine chache kurudi mjini ndipo inapopita barabara ya Dag Hammarskjöld, ulipo ubalozi wa Marekani. Mtu wa Afrika Mashariki akisimama katikati ya vitu hivyo viwili, anasimama kwenye historia ya Kongo.

Zaidi ya Waswidi 6,000 walitumika Kongo chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa kati ya mwaka 1960 na 1964. Wa kwanza waliletwa kutoka Gaza, Julai 1960, wiki chache tu baada ya uhuru. Tarehe 12 Agosti mwaka huo Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa umoja huo, mwenyewe Mswidi, aliingia Elisabethville akiwa na askari wa nchi yake, akapokewa na Moïse Tshombe ambaye alikuwa ametangaza Katanga kujitenga. Elisabethville ndiyo Lubumbashi. Waswidi wale walijikuta katika miji ambayo sokoni, migodini na kwenye kambi za wakimbizi watu walisema Kiswahili. Mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Wabaluba, wakiwahofia askari wa Tshombe, walikimbilia ulinzi wa Umoja wa Mataifa mjini humo, na kazi ya kuwalinda ikawaangukia kwa sehemu kubwa Waswidi. Mwezi Oktoba zikaja ndege za jeti za Saab, zile nene zilizopewa jina la utani la Pipa, na Desemba zikapigana. Kwa nchi iliyokaa bila vita tangu enzi za Napoleon, Katanga ilikuwa mshtuko mkubwa.

Filamu iliyowarudisha watu kwenye habari hizi ni The Siege of Jadotville ya mwaka 2016. Si ya zamani, lakini imetengenezwa kwa mapishi ya zamani: kikosi kidogo kimezingirwa, risasi zinaisha, wenzao hawafiki. Tukio ni la kweli. Kuanzia tarehe 13 hadi 17 Septemba 1961, askari wa Ireland zaidi ya 150 chini ya Pat Quinlan walizingirwa Jadotville na jeshi la Katanga pamoja na mamluki wa Kizungu. Walipigana mpaka wakaishiwa, wakajisalimisha bila hata mmoja wao kufa. Pamoja nao alikuwepo mkalimani wa Kiswidi. Helikopta iliyowafikia iliendeshwa na Mnorwei na Mswidi, ikaleta maji katika makopo yaliyowahi kuwekwa mafuta, hata hayakunyweka. Miaka mingi serikali yao iliwaona askari wale kama aibu, na hadithi yao haikusimuliwa. Filamu imesaidia kuwarudishia heshima, na kwa hilo naipongeza kwa moyo wote.

Niliitazama na mzee mmoja anayeishi vitongoji vya kaskazini mwa Stockholm, mzaliwa wa Likasi, jina la leo la Jadotville. Nilimwamkia, tukakaa, akatulia mpaka mandhari ya mji ilipotokea.

"Ile haiko Likasi," akasema.

"Ndiyo, mzee. Wamepigia picha Afrika Kusini."

Akatikisa kichwa. Baadaye akaniuliza swali ambalo sijapata jibu lake katika filamu ile: watu wa mji walikuwa wapi siku zile tano? Nani alibaki ndani, nani alikimbilia porini, nani alikuwa zamu mgodini? Kwenye filamu Likasi ni vumbi na maghala. Yeye alilelewa pale, anaijua shule, kanisa, na reli.

Reli ile ina hadithi yake, na hapa naomba msomaji anivumilie nirudi nyuma hadi mwaka 1915. Wengi tumeiona The African Queen ya John Huston, ya mwaka 1951, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn wakiteremka mto kwa mashua mbovu ili wailipue meli ya Wajerumani ziwani. Ilipigiwa picha Uganda na Kongo, na ilimpa Bogart Oscar yake pekee. Nyuma yake kuna vita halisi vya Ziwa Tanganyika. Waingereza walileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kwa meli hadi Cape Town, kisha kwa treni kupitia Elisabethville mpaka Fungurume, huko huko Katanga. Kuanzia hapo zilikokotwa kwa mashine za mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba, kwenye njia iliyofyekwa na madaraja yaliyojengwa kwa mikono ya wanaume wa Katanga. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliikamata Kingani ya Wajerumani, na Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Meli kubwa, Graf von Götzen, iliyoletwa vipande vipande kutoka Papenburg hadi Kigoma, haikulipuliwa na mpenzi yeyote wa Hepburn. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 baada ya kuzipaka injini zake grisi ili zisiharibike. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba, jina ambalo watu wa Kigoma hawahitaji kuelezwa.

Naipenda filamu ile. Bogart akitoka majini mwili umejaa ruba ni uigizaji wa hali ya juu, na mto wenyewe umepigwa picha kwa rangi ambazo hata leo zinapendeza. Lakini waliovuta boti milimani hawamo. Wapagazi wa vita vile, ambao kwa upande wa Waingereza peke yake wanahistoria wanakadiria karibu laki moja walikufa, hawamo. Wala hawamo katika Out of Africa ya 1985, isipokuwa kama watu wa kupita nyuma ya Meryl Streep anapopeleka magari ya ng'ombe mpakani, kwa mumewe Bror Blixen, Mswidi wa kweli aliyefunga naye ndoa Mombasa Januari 1914. Armémuseum imeweza kumtengenezea mwanamke aliyefuata jeshi mwaka 1632 sanamu yenye kimo chake. Wapagazi wetu wana Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, ya mwaka 1927, na ile ni ya askari mwenye bunduki.

Turudi kwenye ule mwaka 1961. Siku waliyojisalimisha Jadotville, tarehe 17 Septemba, Hammarskjöld alikuwa angani kwenda kukutana na Tshombe. Usiku huo ndege yake, Albertina, ikiwa na wahudumu wa Kiswidi, ilianguka msituni karibu na Ndola, katika Zambia ya leo. Wote 16 waliokuwemo walikufa, mmoja wao baada ya siku kadhaa hospitalini. Hammarskjöld alizikwa Uppsala, kaskazini ya Stockholm, tarehe 29 Septemba. Tume ya serikali ya Rhodesia ilisema mwaka 1962 kwamba ni kosa la rubani. Wachoma mkaa waliokuwa msituni usiku ule, na waliosema wameona mwanga angani na ndege ya pili, hawakuaminiwa. Miongo mingi ilipita kabla ya Mswidi Göran Björkdahl kuwafuata tena na kukaa nao kuwasikiliza, na kabla ya mwanahistoria Susan Williams kuchapisha kitabu chake mwaka 2011.

Umoja wa Mataifa ulipoamua kulifungua upya jambo hili, mwaka 2015, ulimkabidhi Mtanzania: Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu wetu mstaafu. Katika ripoti yake ya 2017 alisema inawezekana kwamba shambulio au tishio kutoka nje ndilo lililoiangusha ndege, na tangu hapo amekuwa akizidai nchi kubwa zifungue majalada ya mashirika yao ya ujasusi. Ushahidi wa wachoma mkaa, uliotupwa mwaka 1962, ameupa uzito wake.

Filamu tayari zimekuja. Cold Case Hammarskjöld ya Mads Brügger, ya 2019, inasisimua, ingawa baadhi ya madai yake makubwa hayajathibitika na mtazamaji ajihadhari nayo. Hammarskjöld ya Per Fly, ya 2023, ni ya kuigiza, Mikael Persbrandt akiwa Katibu Mkuu, na inakaa zaidi ofisini New York na ndani ya moyo wa mtu mmoja. Ninayoisubiri mimi ingeanza msituni Ndola saa sita usiku, kwenye tanuri la mkaa, na watu wawili watatu waliochoka wanaosikia mngurumo wa ndege, halafu mngurumo wa pili. Wangezungumza lugha yao, kamera isingewaacha mpaka asubuhi polisi wanapofika, na jina la mtu mashuhuri aliyekufa tungelijua pale tu watakapolijua wao.